Salama, Ila

Juzi nilimsindikiza ndugu yetu mmoja kwenye uchunguzi wa kiafya wa madai yake ya fidia ya ulemavu. Alitumikia jeshi la Marekani miaka minane, ana kisukari, na miguu yake haimpi usingizi. Njiani alinisimulia yote: ganzi iliyoanzia vidoleni na sasa imepanda hadi vifundoni, moto unaomwamsha saa nane za usiku, siku aliyoshinda na kijiwe ndani ya kiatu asijue mpaka alipoona damu kwenye soksi. Tulipofika akaniomba niingie naye. Mchunguzi akampa mkono, akamwuliza anaendeleaje. "Salama, namshukuru Mungu." Na miguu? "Si mbaya sana." Anatembea? "Natembea." Baada ya robo saa tulikuwa nje, na kabla sijawasha gari alikwisha anza tena kunieleza jinsi miguu inavyomwaka.

Simlaumu. Kwetu hakuna anayeulizwa hujambo akajibu sijiwezi. Hata aliyelazwa jana husema sijambo kwanza. Mnaulizana ya nyumbani, ya watoto, ya kazi, na yote ni salama, kisha ndipo inapokuja ile "ila": salama, ila miguu, hatujambo, ila mama kalazwa. Mswahili anayesikiliza huingoja hiyo ila, kwa sababu anajua habari yenyewe iko hapo. Mchunguzi wa madai hajalelewa hivyo. Yeye ameandika "salama," amefunga faili, na faili hilo ndilo litakalosomwa na mtu ambaye hatamwona mdai maisha yake yote.

Katika toleo hili la jarida letu nimeamua kuandika juu ya hiyo ila, kwa sababu maveterani miongoni mwetu ni wengi kuliko tunavyowahesabu kwenye harusi na misiba. Wako walioingia jeshini na kadi ya ukaazi mkononi, wakiona afadhali gwanda kuliko kubeba boksi. Wako walioingia kwa mpango wa MAVNI, ambao hadi mwaka 2016 uliwaruhusu wageni wenye viza halali, wanafunzi wakiwemo, kujiunga kwa ajili ya lugha zao au utaalamu wao wa tiba. Kiswahili kilikuwa kwenye orodha ya lugha hizo. Wengi wa waliojiunga wakiwa na miaka ishirini na kitu leo wanakaribia arobaini au wameipita, umri ambao kisukari aina ya pili hupenda kubisha hodi. Na wako dada na shangazi zetu walioolewa na wazee wa hapa Marekani waliopigana Vietnam. Hao nitawarudia.

Kisukari kwetu ni ugonjwa wa kunong'onezwa. Tunasema ni wa chapati na soda, au ni wa ukoo, bibi naye alikuwa nao. Mwenye nao hujiona kajitakia mwenyewe, na aliyejitakia adai nini? Lakini sheria ya maveterani haiulizi habari za chapati. Inauliza kama ugonjwa una uhusiano na utumishi.

Kwa aliyekanyaga ardhi ya Vietnam kati ya tarehe 9 Januari 1962 na tarehe 7 Mei 1975, jibu limekwisha tolewa. Ndege za jeshi zilimwaga huko dawa ya kuua majani iitwayo Agent Orange, iliyokuwa na sumu ya dioksini, na tangu mwaka 2001 kisukari aina ya pili kimo kwenye orodha ya magonjwa ambayo Idara ya Maveterani, hiyo VA yetu ya kila siku, inayachukulia kuwa yametokana nayo. Mzee wa Vietnam hatakiwi kuthibitisha kwamba dawa ile ilimgusa. Athibitishe kuwa alikuwako, na kwamba anaumwa. Sheria ya PACT, iliyotiwa saini tarehe 10 Agosti 2022, iliongeza sehemu nyingine, zikiwemo Thailand na Guam kwa miaka iliyotajwa humo.

Hapa ndipo uvumi ulipotupoteza. Sheria hiyohiyo ya PACT inawagusa pia waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka Iraki, Afghanistan, Djibouti na kwingineko, na vijana wetu wengi wakaelewa kwamba ugonjwa wowote sasa unalipwa. Sivyo. Orodha ya moshi ni ya saratani na magonjwa ya njia ya hewa, kisukari hakimo. Kijana wa Iraki anayeandika "nina kisukari, nilikuwa karibu na shimo la moto" na kuishia hapo anajiandikia barua ya kukataliwa.

Ana njia nyingine, lakini zinataka karatasi. Kama sukari ilianza kupanda akiwa bado jeshini, vipimo vya zahanati ya kambini vitasema. Kama kisukari kilijitokeza ndani ya mwaka mmoja baada ya kutoka, kwa kiwango cha kustahili angalau asilimia 10 ya ulemavu, sheria inakihesabu kuwa cha jeshini. Na iko njia ambayo wengi wetu hawaijui: kisukari kinaweza kuwa mtoto wa ulemavu mwingine. Mtu aliumia goti jeshini, goti limekubaliwa, akashindwa kukimbia na hata kutembea, akanenepa, unene ukaleta sukari. Mwaka 2017 ofisi ya mwanasheria mkuu wa VA ilikubali kwamba unene unaweza kuwa daraja la katikati la namna hiyo. Anayehitajika ni daktari wa kuandika mnyororo huo pete kwa pete, na kusema kwamba uwezekano wake ni angalau nusu kwa nusu. Nusu yatosha. Ushahidi ukilingana pande zote mbili, sheria inampa mdai ushindi. Sijui mahakama ya kijijini kwetu yenye huruma kiasi hicho.

Tuje kwenye asilimia za ulemavu, maana huko ndiko "salama" inakokula hela. Anayetawala kisukari kwa mlo tu hupewa 10. Anayemeza vidonge au kuchoma insulini, pamoja na mlo wa masharti, hupewa 20. Ili afike 40 lazima pamoja na insulini na mlo awe amezuiwa shughuli nzito, na mwaka 2007, katika kesi ya Camacho, mahakama ilisema kizuizi hicho kithibitishwe na ushahidi wa kitabibu. Fikiria sasa mtu wa ghala, mbeba boksi wetu. Daktari wake amemwambia kwa mdomo, "punguza kazi nzito, sukari itakushukia ghafla." Ameitikia, ameshukuru, ametoka. Hakuna kilichoandikwa. Mwambie daktari aliandike, hata kama ni mstari mmoja.

Zaidi ya hapo, madhara ya kisukari yanayofikia kiwango cha kulipwa huhesabiwa peke yake: neva za kila mguu, figo, macho. Hesabu yake ina kizunguzungu. Asilimia 20 na 20 si 40: ya pili hukatwa kwenye 80 iliyobaki, unapata 36, kisha wanaisogeza hadi 40. Safari hii umerudi palepale. Mara nyingine hutarudi. Kwa mwaka 2025 asiye na mtegemezi alilipwa dola 346.95 kwa mwezi kwa asilimia 20, na dola 774.16 kwa asilimia 40, bila kodi. Tofauti hiyo ni ada ya shule ya mtoto wa ndugu kule nyumbani, na wengi wetu tunaiacha mezani kwa kutokusema kwamba miguu inawaka.

Kuna jingine ambalo wanaume watanichukia kwa kulitaja katika jarida linalosomwa na watoto. Kisukari hupunguza nguvu za kiume, na VA ina malipo maalumu ya kila mwezi kwa ajili hiyo. Ndugu yangu, mchunguzi ameshasikia hayo mara elfu. Mwambie.

Sisemi mtu aongeze chumvi. Kudanganya katika madai ni kosa la jinai, na wachunguzi wanajua miguu inayougua ilivyo. Nasema mtu aseme siku yake mbaya ilivyo, aanze na ila. Akishindwa, aandike nyumbani kabla ya kwenda, akasome. Na mke aandike pia. Mke si daktari, hawezi kusema ni neva, lakini anaweza kueleza alichokiona: kwamba mume huamka usiku kusimama kwenye sakafu ya baridi, kwamba ameanguka ngazini mara mbili. Maelezo hayo ni ushahidi halali.

Ukikataliwa, usiichane barua. Tangu tarehe 19 Februari 2019 kuna njia tatu. Ukiwa na ushahidi mpya unaohusu dai, peleka dai la nyongeza. Ukiona ushahidi ulikuwa wa kutosha ila aliyesoma alikosea, omba mkaguzi wa juu alitazame faili upya, lakini hapo huruhusiwi kuongeza karatasi. Au nenda Bodi ya Rufaa za Maveterani, ambako unaweza kuomba kusikilizwa na jaji na ambako foleni ni ndefu. Nionavyo, kwa kisukari njia ya kwanza ndiyo yetu mara nyingi, kwa kuwa tatizo letu si msomaji mbaya, ni faili tupu. Bodi ikikukatalia pia, una siku 120 za kwenda mahakamani.

Wajane niliowaahidi: mzee wa Vietnam akifa kwa figo, hakikisheni cheti cha kifo kinataja kisukari kama kilichangia. Neno hilo moja laweza kumpa mjane malipo ya kila mwezi. Na kama mzee alifariki dai lake likiwa bado linasubiri, mjane ana mwaka mmoja wa kuomba kushika nafasi yake. Nao wanaopanga kurudi nyumbani kujenga wasiogope, kwani fidia humfuata mtu hata akihamia Tanga au Mombasa.

Kuhusu hao "washauri" wanaozunguka kwenye sherehe zetu wakitaka sehemu ya fedha ili wakujazie fomu ya kwanza: sheria hairuhusu mtu kutoza ada kwa kazi hiyo, hata wakili. Vyama vya maveterani kama American Legion, VFW na DAV vina wawakilishi walioidhinishwa, na hawalipishi hata senti. Mmoja wetu alitozwa maelfu na mtu wa namna hiyo kwa fomu aliyoijaza jina vibaya.

Ndugu yetu niliyeanza naye anasubiri jibu. Tumekwisha peleka karatasi mbili, moja ya mkewe na moja yake, zote zimeanza na miguu. Na wewe uliyewahi kukataliwa, nenda kwenye lile droo, itoe barua, utazame tarehe iliyoandikwa juu. Ukichukua hatua kabla ya mwaka mmoja kupita tangu tarehe hiyo, utakaposhinda unaweza kulipwa kuanzia siku ya dai lako la kwanza. Itazame leo.