Kalunguyeye Bustanini

Wengi wetu humchanganya kalunguyeye na nungunungu, na kwa kosa hilo humwua. Nungunungu ni wa jamii ya panya, naye hufukua mihogo na viazi. Kalunguyeye ni mdogo, mwenye miiba mifupi; huwinda usiku, na chakula chake hasa ni mchwa, mbawakawa, viwavi na konokono. Mkulima amwuaye amwua mlinzi wa mimea yake.

Je, tumvute kwa chakula? Wapo wamwekeao maziwa. Nia yao ni njema, lakini tumbo lake haliwezi kumeng'enya sukari ya maziwa, naye huharisha. Wakati wa kiangazi kisahani cha maji kingemfaa zaidi.

Kwa maoni yangu, karamu iliyo bora ni bustani yenyewe: rundo la majani makavu pembeni, mwanya chini ya uzio, na udongo usionyunyiziwa sumu ya kuulia wadudu, kwani sumu hiyo humwondolea chakula na yaweza kumdhuru yeye mwenyewe. Aidha, kabla ya kuchoma takataka, rundo lipekuliwe. Kalunguyeye akishtuka hujiviringa, na kujiviringa hakuzuii moto.

Walimu na wanafunzi waanzie katika bustani ya shule. Amtakaye kalunguyeye hana budi kwanza kuwavumilia wadudu wachache.