Ibrahimu Aliuliza

Hoja kwamba Wayahudi humsoma Ibrahimu kama mtu asiyewahi kuguswa na shaka haisimami. Katika Talmudi, yaani mkusanyiko wa mijadala ya marabi, mmoja wao, Shmuel, anadai kuwa utumwa wa Misri uliwapata wazao wa Ibrahimu kwa sababu yeye aliuliza atajuaje kwamba atairithi nchi. Naye Nachmanides, mfafanuzi wa Maandiko wa karne ya 13, anamhesabia dhambi kwa kuikimbia njaa. Msomaji wa Busia au Tororo ana ushahidi wa karibu zaidi: Abayudaya, jamii ya Kiyahudi ya Mbale, ambao mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, alitahiriwa mwaka 1919 akifuata agizo la Mwanzo 17, sura ileile ambamo Ibrahimu anaicheka ahadi ya kupata mwana, kisha anatahiriwa siku hiyohiyo. Rashi, mfafanuzi mwingine, anakiita kicheko hicho furaha, lakini utetezi wa namna hiyo hauhitajiki pasipo na shtaka.