Je, Andrew Jackson Alikuwa Rafiki wa Wanyonge?



Iko sifa tuliyoisikia mara nyingi, tena vinywani mwa watu wenye elimu, kwamba Andrew Jackson, Rais wa 7 wa Marekani, alikuwa rafiki wa wanyonge. Walimu wenzetu huwasimulia watoto habari za yatima aliyetoka katika kibanda cha magogo akaingia katika nyumba ya Marais, na watoto hufurahi. Sisi nasi tulifurahi tulipoisoma habari hiyo mara ya kwanza. Lakini tumeisoma tena mpaka mwisho wake, na leo twataka kusema wazi kwamba sifa hiyo si ya haki. Mwalimu aifundishaye bila kuongeza neno huwafundisha watoto nusu ya kweli. Na nusu ya kweli huaminika upesi kuliko uongo mtupu.

Kwanza tumpe mtu haki yake. Jackson alizaliwa tarehe 15 Machi 1767, baba yake amekwisha kufa. Mwaka 1781, katika vita vya Wamarekani na Waingereza, alitekwa akiwa mtoto. Ofisa mmoja akamwamuru asafishe viatu vyake, naye alipokataa akapigwa upanga, akabaki na kovu kichwani na mkononi. Mama yake alikufa mwaka huo huo kwa maradhi, baada ya kwenda kuwauguza wafungwa, na ndugu zake wawili nao walikufa kwa ajili ya vita vile. Akabaki peke yake, umri wake miaka 14. Hata hivyo alijifunza sheria, akawa hakimu, kisha jemadari. Tarehe 8 Januari 1815 aliwashinda Waingereza katika New Orleans. Mwaka 1828 alichaguliwa kuwa Rais, na mwaka 1832 akachaguliwa tena. Alipigana na Benki ya Marekani kwa kuwa aliiona ni chombo cha matajiri, na mwezi wa Januari 1835 deni lote la taifa likawa limelipwa, jambo ambalo halikutokea tena tangu siku zile. Hayo yote ni kweli wala hatuyakani.

Lakini twauliza: wanyonge gani hao aliokuwa rafiki yao? Huko Tennessee, katika shamba lake la pamba liitwalo Hermitage, wanyonge walikuwa wengi. Alipolinunua shamba hilo mwaka 1804 alikuwa na watumwa wachache. Alipokufa tarehe 8 Juni 1845 walikuwa zaidi ya 100. Mwaka ule wa 1804 mtumwa wake mmoja alitoroka. Jackson akatangaza katika gazeti kwamba atakayemkamata atapewa dola 50, na mtu akimpiga viboko ataongezwa dola 10 kwa kila viboko 100, mpaka viboko 300. Yeye mwenye kovu la upanga wa Mwingereza alikuwa tayari kulipa fedha ili mgongo wa mtu mwingine uchanwe. Amwitaye mtu huyo rafiki wa wanyonge na alikumbuke tangazo hilo.

Sasa tuje kwa Wacherokee, maana hapo ndipo moyo wa Jackson unapoonekana.

Wacherokee ni taifa mojawapo la wenyeji wa asili wa Marekani, wale tuliozoea kuwaita Wahindi Wekundu. Nchi yao ilikuwa katika milima ya Georgia na majimbo ya jirani. Tarehe 27 Machi 1814 Jackson alipigana na Wacreek mahali paitwapo Horseshoe Bend, na Wacherokee walikuwa upande wake. Baadhi yao waliogelea mtoni, wakaitwaa mitumbwi ya adui, wakavusha wenzao na kushambulia kwa nyuma. Hivyo Jackson alishinda, na ushindi ule ndio uliomfungulia njia ya kuwa mtu mkuu. Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Wacherokee walimfaa kwa dhiki.

Baada ya vita Wacherokee walirudi kwao wakajitia katika kazi za amani. Mtu wao mmoja, jina lake Sequoyah, ambaye hakujua kusoma Kiingereza, alitunga herufi za lugha yao, akaikamilisha kazi hiyo mwaka 1821. Kila alama yatamkwa kama silabi moja, na kwa miaka michache watu maelfu wakajua kusoma. Mwaka 1827 waliandika katiba yao. Tarehe 21 Februari 1828 walipiga chapa gazeti lao la kwanza, Cherokee Phoenix, kwa lugha mbili. Walikuwa na shule, makanisa, mashamba na vinu. Kwa ufupi, walifanya yote ambayo wenye nguvu walikuwa wakiwaambia siku zote: Jifunzeni, limeni, someni, nanyi mtakaa salama.

Je, walikaa salama? Katika nchi yao dhahabu ilionekana, na watu wa Georgia waliitamani ardhi hiyo kwa pamba. Tarehe 28 Mei 1830 Jackson alitia sahihi sheria ya kuwahamisha wenyeji hao kuwapeleka ng'ambo ya mto Mississippi. Georgia ikazitangaza sheria za Wacherokee kuwa si kitu. Wamisionari waliokaa nao bila kuapa kuitii Georgia walikamatwa mwaka 1831. Wawili wao, Samuel Worcester na Elizur Butler, wakahukumiwa miaka 4 ya kazi ngumu. Shauri lao lilifika Mahakama Kuu, na mwezi wa Machi 1832 Jaji Mkuu John Marshall alihukumu kwamba Georgia haina amri katika nchi ya Wacherokee. Yaani Wacherokee walishinda, kwa sheria ya Wamarekani wenyewe. Lakini Jackson hakuinua hata kidole ili hukumu ile itimizwe.

Wanaomtetea Jackson wana maneno matatu, nasi tutayajibu moja moja.

Husema kwanza: Msimlaumu, alikuwa mtu wa zamani zake. Twajibu: Na hao waliompinga je, walikuwa watu wa zamani za nani? Sheria ile ilipopigiwa kura, katika Seneti 28 walikubali na 19 walikataa. Katika Baraza la Wawakilishi 102 walikubali na 97 walikataa. Kama watatu tu miongoni mwa wale waliokubali wangaligeuka, sheria isingalipita. Seneta Theodore Frelinghuysen aliipinga kwa hotuba iliyochukua siku tatu. David Crockett, mjumbe kutoka Tennessee, jimbo la Jackson mwenyewe, alikataa. Na Worcester alikuwa gerezani. Watu wa zamani zile waliijua haki. Jackson alisikia sauti zao akazipita.

Husema pili: Alitaka kuwaokoa, maana Georgia ingaliwaangamiza naye hakuwa na nguvu ya kuizuia. Twajibu kwa mambo ya mwaka ule ule. Novemba 1832 jimbo la South Carolina lilikataa kutii sheria ya ushuru. Jackson alitoa tangazo kali kwamba hakuna jimbo liwezalo kuivunja sheria ya taifa, akawa tayari kutumia jeshi. Basi nguvu alikuwa nayo! Aliitoa kwa ajili ya ushuru wa forodha, akaificha watu walipokuwa wakinyang'anywa nyumba zao.

Husema tatu: Wacherokee walihamishwa mwaka 1838, na Rais alikuwa Martin Van Buren. Ni kweli, Jackson alikuwa amekwisha kutoka. Lakini sheria ilikuwa yake, na mkataba ulikuwa wa zamani zake. Tarehe 29 Desemba 1835 watu wachache wasio na idhini ya taifa lao walitia sahihi mkataba wa kuiuza nchi yote kwa dola milioni 5. Mkuu wa Wacherokee, John Ross, alipeleka waraka wa kuupinga wenye majina zaidi ya 15,000. Seneti iliukubali mkataba kwa kuzidi kura moja tu, na Jackson akautimiza. Mwaka 1838 askari waliwatoa watu majumbani mwao, wakawafungia maboma, kisha wakawaongoza safari ndefu ya kwenda magharibi. Miongoni mwa watu kama 16,000, wakadiriwa kuwa 4,000 walikufa kwa maradhi, baridi na njaa. Wenyewe huiita Njia ya Machozi. Tena Wachoctaw walikuwa wamekwisha kutembezwa hivyo tangu mwaka 1831, Jackson akiwa Rais. Sisi tuliolelewa kwa Maandiko twalijua jambo hili: Ahabu naye hakuipata bustani ya Nabothi kwa wizi wa usiku, aliipata kwa barua zenye muhuri.

Labda msomaji atasema: Mambo ya Marekani yatuhusu nini? Yatuhusu. Jackson huyo huyo alimtuma mjumbe, Edmund Roberts, na tarehe 21 Septemba 1833 mkataba wa biashara ulitiwa sahihi huko Maskati na Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja. Meli za Wamarekani zikaleta nguo ambayo babu zetu waliiita merikani, jina lisilosahauliwa hata leo. Nguo ile ilifumwa kaskazini kwa pamba ya kusini, pamba iliyolimwa na watumwa. Na zamani zile sehemu kubwa ya pamba hiyo ilitoka Alabama na Mississippi, nchi walizoondolewa Wacreek, Wachoctaw na Wachickasaw. Basi sisi si wageni kabisa katika habari hii. Tena tazameni: kwa Sultani mwenye manowari na bandari, mkataba ulikuwa mkataba. Kwa Wacherokee waliomwaga damu kando yake, mikataba ilikuwa karatasi tu.

Kijana mmoja katika darasa letu la jioni alituuliza swali lililotutia uchungu: Kama kusoma hakukuwaokoa Wacherokee, sisi twasoma kwa nini? Hatutaki kumjibu kwa maneno matamu. Ni kweli, kusoma hakukuwaokoa nchi yao. Gazeti lao lilikoma mwaka 1834, na mwaka uliofuata askari wa Georgia wakachukua mitambo ya kupiga chapa. Mwalimu asemaye kwamba elimu peke yake ni ngao adanganya.

Lakini na tuendelee kusoma habari yao. Herufi za Sequoyah zilikwenda nao njiani, na mwaka 1844 walikuwa na gazeti tena, katika mji wao mpya wa Tahlequah. Majina yale 15,000 yamehifadhiwa, na kwa sababu yake hakuna awezaye kusema leo kwamba Wacherokee waliuza nchi yao kwa hiari. Hukumu ya Marshall imetumiwa na mahakimu baada yake. Tena mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji 5 kwa 4, iliamua kwamba nchi waliyoahidiwa Wacreek huko Oklahoma haikufutwa kamwe na Bunge katika mambo ya hukumu za jinai. Majaji walirudi katika mikataba iliyoandikwa zamani za Jackson, wakaona ahadi ingalipo. Karatasi iliyodharauliwa ilingoja karibu miaka 190, kisha ikanena.

Kwa hiyo twawasihi walimu wenzetu mambo mawili. La kwanza, fundisheni habari za Jackson, wala msiufiche ushujaa wake, lakini watajieni watoto na Horseshoe Bend, na tangazo la viboko, na Njia ya Machozi. Mtoto akiisha kusikia yote, mwulizeni yeye mwenyewe kama sifa ile yafaa.

La pili lawahusu wote wasomao ukurasa huu. Katika vijiji vyetu pia wako wajane na mayatima ambao mashamba yao hutamaniwa, na mara nyingi atamaniye ni mtu mwema machoni pa watu, mwenye kutusaidia katika mambo mengine. Wewe ujuaye kusoma, umwandikie jirani yako asiyejua. Andika mpaka wa shamba, andika majina ya mashahidi, umpe karatasi yake aitunze sandukuni. Na siku ya shauri uende ukasimame pamoja naye, maana Wacherokee walikuwa na hukumu ya haki mkononi, wakakosa mtu mwenye nguvu wa kusimama nao.