Anayeshika swichi aione bili

Kituo cha umma cha michezo na mapumziko hakifi siku moja. Nyavu zinakatika hazibadilishwi, choo cha wanawake kinafungwa, somo la kuogelea la watoto wa shule linaahirishwa mpaka fungu litoke. Nimefanya kazi ya umeme na pampu katika vituo vya namna hiyo hapa Dar es Salaam kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na ninachokijua ni kwamba mara nyingi fungu lilikuwepo. Lililiwa na taa zilizowaka bila mtu, maji yaliyomwagwa mtaroni bila sababu, na taka zilizolipiwa usafiri wa lori ilhali sehemu yake kubwa ilikuwa mali.

Nyumbani kwetu hatuishi hivyo. Mtoto wa darasa la tatu anajua LUKU imebaki yuniti ngapi, na mita ikianza kulia feni inazimwa, pasi inasubiri kesho. Hakuna aliyempeleka semina. Anajua kwa sababu namba anaiona na giza linamhusu. Katika vituo nilivyofanyia kazi, bili ilikwenda makao makuu, ikalipwa na mhasibu ambaye hajawahi kuingia chumba cha pampu. Aliyewasha pampu hakujua inakula kiasi gani, na aliyelipa hakujua pampu iko upande gani wa jengo. Hapo ndipo penye tatizo, na hata tukijaza paa zima paneli za sola, tatizo hilo litabaki palepale.

Chukua taa za kiwanja cha kikapu. Bado kuna viwanja vyenye taa zile za zamani za wati 1,000 kila moja. Ziwe nane, ziachwe kuanzia saa tatu usiku wachezaji walipoondoka hadi saa kumi na mbili asubuhi. Hizo ni yuniti 72 kwa usiku mmoja. Mteja wa matumizi madogo wa TANESCO, yule anayelipa Sh100 kwa yuniti, kikomo chake ni yuniti 75 kwa mwezi mzima. Maana yake kiwanja kitupu kimekula kwa usiku mmoja karibu umeme wa familia wa siku thelathini.

Niliwahi kumuuliza mlinzi mmoja kwa nini taa zinawaka jua limeshatoka. "Mzee, mimi nimekabidhiwa geti na stoo," alinijibu. "Swichi sijakabidhiwa. Nikizima pakatokea shida, nitajieleza kwa nani?" Alikuwa na haki. Katika makabidhiano ya lindo lake kulikuwa na viti, ndoo, funguo na maboya ya kuokolea, vyote vimeorodheshwa kwenye daftari. Swichi haikuwa ya mtu yeyote. Niliomba iongezwe kwenye daftari lile, pamoja na saa ya kuzima na jina la mzimaji, na kazi hiyo haikuhitaji hata fundi.

Bwawa ndilo linalonisumbua zaidi, kwa kuwa hasara yake haionekani kwa macho. Taa iliyosahaulika kila mpita njia anaiona. Pampu iko chini, nyuma ya mlango wa chuma, inanguruma usiku kucha kwa kasi ileile iliyofungwa nayo siku ya kwanza. Kazi yake ni kuvuta maji, kuyapitisha kwenye chujio la mchanga na kuyarudisha. Mchana watoto wakiwa sitini majini, iache ihangaike. Usiku hakuna mtu. Ukiipunguza mota hadi nusu ya kasi, maji yanayopita yanapungua nusu, lakini umeme unashuka hadi kama thumuni. Hata ukiiendesha kwa muda mara mbili ili maji yaleyale yapite, umetumia robo ya ule wa mwanzo. Hiyo ni hesabu ya vitabuni, na mabomba ya kweli hayatoi faida yote hiyo, lakini kifaa cha kurekebisha kasi ya mota kipo madukani na mafundi wa kukifunga wapo. Kituo kisichoweza kukinunua mwaka huu kinaweza kuanza na taima ya kawaida.

Halafu kuna maji yenyewe. Bwawa la mita 25 kwa 10 likipungua milimita tano tu kwa siku kwa jua na upepo, limepoteza lita 1,250. Huku kwetu hatupashi maji joto kama wanavyofanya kwenye nchi za baridi, kwa hiyo watu hudhani turubai la kufunikia bwawa usiku si letu. Ni letu. Linazuia maji yasiende na upepo wa bahari, na linazuia majani na vumbi ambavyo kesho yake vitadai dawa zaidi. Liwe limefungwa pande zote na kukazwa, kwa sababu turubai lililolegea ni mtego kwa mtoto atakayeruka ukuta.

Klorini nayo ina saa yake. Isipokuwa na kikinga jua ndani yake, jua la mchana linaweza kula nusu yake ndani ya saa moja. Ukimwaga asubuhi, unalilisha jua. Mwaga jioni baada ya waogeleaji kutoka, pima asubuhi kabla hawajaingia, ongeza palipopungua. Na kuosha chujio kwa kurudisha maji kinyume kusifanywe kwa sababu leo ni Ijumaa. Geji ya presha ndiyo inayosema. Nimeona maji safi yenye dawa yakimwagwa mtaroni kwa maelfu ya lita kwa kufuata siku ya wiki, na mita mia mbili kutoka hapo kina mama wakinunua maji ya ndoo.

Wapo watakaosema umeme sasa tunao. Kweli tunao: Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na sisi tulioishi na mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 tunajua thamani yake. Lakini umeme kuwa mwingi hakufuti bili ya kituo. Uingereza, nchi yenye fedha kutushinda, bei ya nishati ilipopanda mwaka 2022 mabwawa ya umma yalianza kupunguza saa na mengine kufungwa, hadi serikali yao ikatenga pauni milioni 63 kuyanusuru mwaka uliofuata. Sisi hatuna pauni milioni 63 za kuokolea mabwawa. Tuna mabwawa machache mno ya umma, na kila moja likifungwa kuna watoto wa mji wa bahari watakaokua bila kujua kuogelea.

Kuhusu taka nitasema machache, maana ufumbuzi wake ni rahisi zaidi. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, wengi tuliambiwa haitawezekana, na ikawezekana. Chupa za maji zimebaki. Baada ya bonanza la Jumamosi pipa moja linapokea chupa, ubwabwa uliobaki, maganda ya machungwa na vifungashio vya chipsi. Chupa ikishalowa mchuzi inapoteza bei, na muokota chupa anabaki kupekua uozo kwa mikono mitupu. Kisha lori linalipwa kuvipeleka vyote dampo la Pugu Kinyamwezi. Pipa la pili karibu na geti, lenye tundu linaloingia chupa tu, lingemwondolea muokota chupa hatari hiyo na kituo kikapunguza safari za lori. Weka na koki ya maji salama ya kunywa pembeni ya kiwanja, wanaokuja kufanya mazoezi watakuja na chupa zao.

Ninachowaomba madiwani wanapokaa na bajeti ni hiki. Fungeni mita ndogo tatu katika kila kituo: ya pampu, ya taa za nje na ya ukumbi. Mtu mmoja mwenye jina azisome asubuhi na jioni, na namba zibandikwe ukutani pale tunapolipia kiingilio, kila mtu azione. Kisha pitisheni uamuzi kwamba sehemu ya kile kitakachookolewa ibaki kituoni. Leo mtumishi akipunguza bili, akiba inayeyuka kwenye akaunti kuu na yeye anarudi kuomba balbu kwa barua. Mwacheni aone juhudi yake ikigeuka nyavu, sabuni na mshahara wa mwalimu wa kuogelea. Na pa kuanzia napajua: ufunguliwe kwanza ule mlango wa choo cha wanawake.