Mashine ya Mvuvi Mwenye Mfuko Mwepesi

KANDO YA LUALABA
Na Ramazani Mpiga-Kafi

Mpwa wangu mmoja, ambaye majaaliwa yamemfikisha Minnesota huko Marekani, alinipelekea kwa simu picha iliyonifanya nivue miwani na kuifuta mara mbili: amesimama juu ya ziwa, ziwa kweli, na viatu vyake miguuni, ameshika chuma kirefu kilichosokotwa mithili ya pembe ya tandala, na juu ya chuma hicho pana injini ndogo, naye ataka shauri la mjomba wake wa Kibombo, anunue mashine ipi ya kutobolea barafu apate kuwafikia samaki walio chini yake, maadamu mshahara wake ni haba na madukani zimo za petroli, zimo za gesi na zimo za betri, kila moja ikijigamba kuliko mwenziwe. Nilicheka, kisha nikaona haya kwa kucheka kwangu, kwani swali lake ndilo lile lile waniulizalo vijana wa mtoni kila siku ya soko juu ya injini za mitumbwi.

Na kwa hakika mashine hizo mbili, ya kwake na ya kwetu, ni ndugu. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei aliyekulia Wisconsin, jirani ya huko aliko mpwa wangu, alianza kuuza injini ya kufunga nyuma ya mashua mwaka 1909, nguvu zake farasi mmoja na nusu tu. Na husimuliwa kwamba wazo hilo lilimjia siku ya jua kali, alipovuka ziwa kwa makasia kwenda kumletea mchumba wake aiskrimu, nayo ikayeyuka kabla hajamfikishia. Kwa hiyo ngurumo tuisikiayo alfajiri upande wa Kasongo asili yake, ikiwa masimulizi hayo ni ya kweli, ni barafu iliyoharibika njiani. Sisi tulio na samaki bila barafu, tunaobanika mbenga na kambale juu ya moshi ili wafike salama kwa gari-moshi lisilojulikana litapita lini, tunayo haki ya kutabasamu.

Lakini turudi kwenye mfuko. Kijana wa leo akisema injini, maana yake ni Yamaha ya farasi 40, na asipoipata hujiona maskini; ilhali mto huu ulikwisha kutufundisha zamani kwamba chombo hakipimwi kwa ukubwa. Livingstone alifika Nyangwe mwishoni mwa Machi 1871, akakaa hata Julai akitafuta mitumbwi asipate wa kumuuzia, na baada ya mauaji ya sokoni ya tarehe 15 mwezi huo akarejea Ujiji pasipo kuteremka mto aliouchungulia kwa miezi. Miaka mitano baadaye akaja Stanley, naye alikuwa na mashua yake, Lady Alice, ya futi 40, iliyoundwa Uingereza kwa vipande vya kufunguliwa na kuunganishwa, ikabebwa mabegani tangu Bagamoyo. Na kila maporomoko yalipomzuia, mashua ilipanda nchi kavu pamoja na watu. Simsifu mtu huyo, maana vijiji vya mtoni vina yao ya kusema juu ya risasi zake. Nasema tu kwamba alijua jambo moja ambalo muuza injini hatakwambia, kwamba katika Lualaba chombo usichoweza kukiinua si chako.

Tazama maji yetu yalivyo. Kati ya Kasongo na Kibombo mto wapitika kwa takriban kilomita 100, kisha kutoka Kibombo hata Kindu mawe na maji makali hukata njia, ndiyo maana Wabelgiji wakalaza reli kando yake. Na baada ya Kindu ndipo wapitika tena kwa kilomita 300 na ushei mpaka Ubundu. Mwenye baleniera ya Ubundu, apakiaye mizigo na abiria, injini kubwa ni halali yake. Mvuvi wa Kibombo, ambaye kutoka kwake ni kwenda kwenye nyavu na kurudi, akifunga farasi 40 nyuma ya mtumbwi wa gogo moja amefunga tembo kwenye mkokoteni: injini hiyo ina uzito wa kilo 70 na zaidi, wakati ile ya farasi 15 haifiki 40, na mtu mmoja mwenye afya huichukua begani jioni akailaza nyumbani, mbali na wezi.

Halafu iko petroli, na hapa ndipo wengi huangamia, kwa sababu bei ya injini hulipwa mara moja, bali petroli hulipwa kila siku, na kwa akina Kadhafi wa kando ya barabara, wauzao kwa chupa na bido, haiji ila imekwisha kusafiri safari ndefu na huenda imeonja maji au petroli ya taa. Injini ya farasi 40 ya mipigo miwili ikiendeshwa kwa nguvu zake zote humeza kama lita 16 kwa saa. Ya 15 humeza kama 6. Na ile injini ya mipigo minne ya farasi 6 na nusu, hiyo hiyo tunayoiona ikisaga mihogo, ukiifunga bomba refu lenye rafadha mwishoni kama wafanyavyo Wathailandi katika mito yao, haizidi sana lita 2. Fauka ya hayo, bomba hilo hunyanyuliwa kwa mkono uonapo jiwe, na rafadha, au elisi kama wasemavyo mafundi wetu, ikabaki salama. Ni ya polepole na ina kelele za kinu. Piga hesabu kwa samaki, wala si kwa faranga: wangapi wa leo watakwenda kulipa lita za leo? Ikiwa ni nusu ya mtumbwi, wewe humvulii mkeo, wamvulia Kadhafi.

Mimi nami nililipa karo ya elimu hii. Mimi na shemeji yangu tulinunua injini iliyokwisha tumika kwa mtu mmoja ambaye sitamtaja, rangi yake mpya inang'aa kama sahani ya harusi. Ikaunguruma ndani ya pipa la maji mbele yetu, tukafurahi, tukatoa nakidi. Siku ya nne ilizimika katikati ya mto, na tulipoifungua tukakuta pistoni imechunika, dalili ya mwenyewe wa kwanza aliyebana mafuta asiyachanganye na petroli kama ipasavyo, yaani lita 1 ya mafuta kwa lita 50. Tangu hapo sitazami rangi. Naivuta kamba nikiwa nimeondoa buji, yaani plagi, kisha nikiwa nimeirudisha, nisikie mkononi kama pana ukinzani; naomba buji yenyewe niione; na injini iliyowashwa kabla sijafika, ikanikuta ina joto, naiachia mwenyewe.

Mpwa wangu nimemjibu hivi: kama barafu ya huko ni nyembamba na mashimo unayotaka ni machache, nunua ya kuzungusha kwa mkono; kama ni nene, chukua yenye kekee nyembamba, kwani tundu la inchi 6 halihitaji nguvu za tundu la inchi 10, na fedha iliyobaki ununulie visu vya akiba, maana kisu butu huifanya mashine ghali kuwa fimbo. Nikamkumbusha pia asikanyage barafu isiyofika inchi 4.

Kwa vijana wa mtoni jawabu halitofautiani sana. Mvuvi wa peke yake atosheke na kafi na injini ya bomba refu. Wanne wenye likelemba, yaani mchango wa zamu, isiyo na ugomvi wanunue ya farasi 15, na jina la fundi atakayeitengeneza lijulikane kabla ya jina la muuzaji. Naye atakayesafiri kwenda Kindu kununua injini asirudi bila rafadha ya pili na buji nne, hata kama itamlazimu kulala njaa siku moja ya safari.