Sol Kerzner na Mpaka Uliozaa Kasino

Sol Kerzner, aliyefariki mwaka 2020, husifiwa kama mjenzi aliyeona majumba ya kifahari pale wenzake walipoona kichaka kitupu. Sifa hiyo ni nusu ya ukweli. Kabla ya kichaka, Kerzner aliuona mpaka.

Afrika Kusini ya makaburu iliharamisha kamari. Lakini mwaka 1977 serikali hiyohiyo ilitangaza Bophuthatswana kuwa "nchi huru" chini ya Lucas Mangope, ili kuwavua Waafrika uraia wa nchi yao wenyewe. Umoja wa Mataifa ulikataa kuitambua. Hata hivyo, kijinchi hicho kiliweza kuruhusu kilichokatazwa ng'ambo ya pili, na mwaka 1979 Kerzner akafungua humo Sun City. Wazungu wa Johannesburg wakawa wanavuka mpaka kwenda kucheza kamari, kisha wanarudi kwao wakiwa raia wema. Mwaka 1985 wanamuziki wengi, wakiongozwa na Steven Van Zandt, waliapa kutotumbuiza huko.

Transkei nako ilikuwa penye udhia penyeza rupia. Kerzner alikiri kumlipa George Matanzima, kiongozi wa huko, randi milioni 2 zilizohusu haki ya pekee ya kamari, akijitetea kwamba alishurutishwa. Matanzima alifungwa kwa rushwa. Mashtaka dhidi ya Kerzner yalifutwa mwaka 1997.

Watetezi wake hutaja ajira. Ni kweli zilikuwapo. Lakini ajira haisafishi kibali kilichotolewa na utawala uliopandikizwa, kwa niaba ya watu ambao hawakuuomba uhuru huo.

Linganisha na Mohegan Sun, kasino aliyoshiriki kuijenga Connecticut, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1996. Nayo ilitumia ardhi yenye mamlaka yake, lakini mamlaka hayo yalidaiwa na Wamohegan wenyewe, na kasino ni mali yao. Mjenzi ni yuleyule na biashara ni ileile; kilichotofautiana ni mwenye haki ya kutoa kibali.

Kwa hiyo, mtumishi wa umma anapoletewa mradi wa namna hii, asianze kwa kuhesabu vyumba na ajira. Aulize kwanza: kibali hiki kinatolewa kwa jina la nani, na je, wenye jina hilo wanaweza kukifuta?