Usikimbizane na Ndege Msimu wa Krismasi

Kwa mkazi wa Nakuru, Njoro au Molo anayekwenda kuwaona wanawe ng'ambo wakati wa Krismasi, safari ya ndege huanzia barabarani. Kutoka Nakuru hadi uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ni zaidi ya kilomita 160, na msimu huo magari huweza kukwama kwa saa nyingi kati ya Gilgil na Naivasha.

Kwa maoni yangu, kuondoka nyumbani asubuhi ili kupanda ndege jioni ni kujitafutia maradhi. Mwenye shinikizo la damu hufika uwanjani akiwa na njaa, wasiwasi na hasira, pengine hata tembe hajameza. Heri alale Nairobi siku moja kabla. Jamaa nao wamuage nyumbani, wasijazane kwenye matatu kumsindikiza.

Dawa zako zibebe mkononi. Insulini isiwekwe kwenye mizigo ya chini ya ndege, kwani ikiganda kwa baridi huharibika. Ukiwa angani, kunywa maji na usimame mara kwa mara, damu isije ikaganda miguuni.

Malazi ya usiku mmoja ni nafuu kuliko kitanda cha hospitali. Mwenda pole hajikwai.